Sauti ya Mtangazaji na Kicheko cha Mtazamaji: Tashtiti ya Taarifa ya Habari katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Taarifa ya habari ya televisheni ina sauti yake. Mtu aliyefumba macho huitambua kabla hajaelewa habari yenyewe: mdundo wa muziki wa kufungulia, salamu fupi, muhtasari, kisha sentensi ndefu zilizonyooka, zisizo na hasira wala furaha. Kiswahili kinayo sauti hiyo, na wasemaji wake wamezoea kuiheshimu. Mhadhara huu unaichunguza kwa njia ya kuzunguka, yaani kwa kuwatazama wale wanaoicheka: watunzi wa filamu na wa vipindi vya televisheni waliofanya taarifa ya habari kuwa shabaha ya tashtiti.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tashtiti nzuri ya taarifa ya habari haianzi kwa kushambulia uongo, bali hushambulia umbo la usemi. Huonyesha kwamba usemi sanifu, uliopangika na wenye adabu, unaweza kubeba ukweli, unaweza kubeba uongo, na mara nyingi unaweza kubeba utupu. Mtazamaji aliyecheka mara moja hawezi tena kuchukua usanifu wa lugha kuwa ushahidi wa ukweli.

Hoja hii ina uzito wa pekee inapotazamwa kutoka mahali kama Jorodom, mkoani Manyara, katika ukanda wa Mbulu na Hanang. Huko Kiswahili si lugha ya kwanza ya kaya nyingi. Kiiraqw na Kigorwaa ni lugha za Kikushi. Kidatooga, pamoja na lahaja yake ya Kibarbaig, ni ya Kiniloti. Kinyaturu na Kinyiramba ni za Kibantu. Mtoto aliyekua katika mazingira hayo amekipokea Kiswahili hasa kwa njia ya shule, ofisi, soko na utangazaji. Kwake, sauti ya mtangazaji haikuwa mtindo mmoja miongoni mwa mitindo ya Kiswahili. Kwa kiasi kikubwa, ilikuwa ndiyo Kiswahili chenyewe.

2.0 Tashtiti, dhihaka na utani

Ni vyema istilahi zitenganishwe mapema. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tashtiti ni utunzi unaotumia kicheko kufichua uovu au upumbavu wa watu au asasi, kwa nia ya kuurekebisha. Kinaya ni kusema jambo na kukusudia kinyume chake, na kejeli ni kinaya kilichonolewa. Dhihaka humlenga mtu na kumdunisha, na yaweza kutosheka na hilo. Tashtiti hutumia vyombo hivi vyote, lakini ina wajibu ambao dhihaka haina: lazima ijue inamcheka nani na kwa nini.

Wajibu huo si mgeni kwa Watanzania, kwa kuwa wanao utani. Katika jamii nyingi mtani huruhusiwa kufanya msibani mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya atafukuzwa. Huiga mwendo wa marehemu na namna alivyosema, huwatania wafiwa, hudai hiki na kile. Ruhusa hiyo ina gharama yake. Mtani huyo huyo ndiye mwenye kazi msibani: katika jamii kadhaa ndiye anayechimba kaburi, anayebeba, anayehakikisha shughuli inakwenda. Anacheka kwa sababu anahudumu. Kipimo hiki cha mtani, yaani kicheko kinacholipiwa kwa huduma, kitatumika hapa kupimia tashtiti, na pia kupimia kamera.

3.0 Filamu mbili

Sinema imeicheka televisheni kwa muda mrefu. Filamu mbili, moja ya Marekani na nyingine ya India, zinatosha kuonyesha njia mbili za kufanya hivyo.

Network ilitolewa mwaka 1976, ikiongozwa na Sidney Lumet kutokana na mswada wa Paddy Chayefsky. Mtangazaji Howard Beale, wa kituo cha kubuni kiitwacho UBS, anaambiwa kwamba ataondolewa kazini kwa kuwa watazamaji wamepungua. Anatangaza hewani kwamba atajiua. Wakubwa wake wanashtuka, kisha wanaona kwamba idadi ya watazamaji imepanda. Basi wanamrudisha hewani na kuifanya ghadhabu yake kuwa kipindi. Watazamaji wanapopungua tena, kituo chenyewe kinapanga auawe. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar, mojawapo ikiwa ya mwigizaji Peter Finch, aliyetunukiwa baada ya kufariki. Kinachodumu katika filamu hiyo ni jinsi vikao vinavyoamua uhai wa mtu vinavyoendeshwa kwa lugha ya kawaida ya ofisini. Hakuna anayepaza sauti. Uovu unazungumza kwa utulivu, kama wajumbe wanaojadili bajeti.

Peepli Live, ya mwaka 2010, iliandikwa na kuongozwa na Anusha Rizvi, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, na kutayarishwa na Aamir Khan. Ndugu wawili wakulima, Natha na Budhia, wako hatarini kupoteza shamba lao kwa deni la benki. Wanasikia kwamba serikali hulipa fidia kwa familia ya mkulima aliyejiua. Natha, aliye mpole zaidi, ndiye anayeangukiwa na zamu ya kufa. Mwandishi wa gazeti la wilayani anaiandika habari hiyo, na siku chache baadaye magari ya televisheni yamejaa kijijini, chaneli ya Kiingereza na chaneli ya Kihindi zikigombea mlango mmoja. Natha anapotoweka, mtangazaji anachambua hewani hata kinyesi chake.

Pembeni mwa vurugu hizo yuko mkulima mwingine, Hori Mahato, anayechimba udongo kila siku ili auze. Anafia shimoni mwake. Mwandishi wa wilayani anapomweleza mtangazaji mashuhuri kuhusu kifo hicho, jambo hilo halimvuti: habari ni Natha. Hapo filamu inafika kwenye kiini chake. Kifo kilichotabiriwa ni habari, kifo kilichotokea si habari, na tofauti ya viwili hivyo haitokani na uzito wa kifo bali na mahali kamera ilipoelekezwa. Filamu hii haimcheki mkulima. Inaicheka kamera, na inamwombolezea mkulima. Kwa kipimo cha utani, Rizvi alikuwa mtani mwenye kuchimba kaburi.

4.0 Tashtiti ya habari katika Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki, tashtiti ya taarifa ya habari imekaa zaidi katika vipindi vya televisheni kuliko katika filamu ndefu. Ili ieleweke, ni lazima ikumbukwe ilichokuwa ikikicheka. Nchini Kenya, enzi ya utawala wa Daniel arap Moi (1978–2002), taarifa za habari za utangazaji wa taifa zilijulikana kwa kuanza na shughuli za rais, iwe alifungua mkutano au alihudhuria ibada. Tanzania Bara, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa sauti pekee ya utangazaji hadi mlango ulipofunguliwa kwa vituo binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990. ITV ilianza mwaka 1994 na Televisheni ya Taifa mwaka 2000. Zanzibar ilikuwa imetangulia, na kwa rangi, tangu miaka ya 1970. Sauti ya mtangazaji ilirithi heshima ya dola kabla haijapata washindani.

Kicheko kilikuja kwa hatua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass la Nairobi lilianza kumwigiza rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo miaka kumi kabla lisingewezekana hadharani. Mwaka 2009 Citizen TV ilianza kuonyesha The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya mpira kilichobuniwa na mchoraji katuni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefanya kazi Nairobi tangu mwaka 1992. Kielelezo chake kilikuwa Spitting Image ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1984, na Les Guignols de l'info ya Ufaransa, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1988 hadi 2018. Kutoka kwa Wafaransa kilichukua wazo muhimu: kukipanga kipindi kizima kama taarifa ya habari, na kikaragosi mezani kama mtangazaji.

Tanzania ilifika huko kwa njia yake. Vichekesho vina historia ndefu jukwaani, na redioni Pwagu na Pwaguzi walikuwa majina ya nyumbani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy, lililokuwa na akina Joti, Masanja Mkandamizaji na Mpoki, lilipata watazamaji wengi kupitia EATV, kisha likahamia TBC1 na kujulikana kwa jina la Orijino Komedi. Miongoni mwa vitu walivyoviigiza ni usomaji wa taarifa ya habari. Jambo la kuzingatia ni kwamba kuigiza huko hakukuhitaji vikaragosi wala mitambo ya gharama. Kulihitaji suti, meza, karatasi na sikio. Sikio hilo ndilo linalomhusu mwanaisimu.

5.0 Sarufi inayochekwa

Ni nini hasa ambacho sikio la mchekeshaji limekinasa? Vipengele vitatu vya sarufi vinatosha kueleza. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mhadhara huu.

Kipengele cha kwanza ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Kiswahili kinaruhusu mtenda atajwe kwa kiunganishi *na*, lakini hakilazimishi. Lugha ya habari imeutumia uhuru huo kwa wingi: *imeelezwa kuwa*, *imebainika*, *wametakiwa*, *hatua zitachukuliwa*.

(1) Wananchi wametakiwa kuwa wavumilivu wakati suala la maji likishughulikiwa.

Sentensi hii ni sahihi kabisa. Ina vitenzi viwili katika kauli ya kutendwa na haina mtenda hata mmoja. Aliyetaka hajulikani; anayeshughulikia hajulikani. Anayejulikana ni mwananchi peke yake, naye amepewa kazi ya kuvumilia. Mchekeshaji ana njia mbili za kuifichua. Ya kwanza ni kubakiza umbo na kubadili wahusika:

(2) Kuku wametakiwa kuwa wavumilivu wakati suala la mwewe likishughulikiwa.

Kicheko hapa hakitoki kwa kuku. Kinatoka kwenye ugunduzi kwamba sentensi haikutikisika: imebeba kuku kwa utulivu ule ule iliobebea wananchi. Njia ya pili ni kumrudisha mtenda aliyefichwa:

(3) Mkurugenzi amewataka wananchi wawavumilie yeye na mhandisi wake, ambao hawajalishughulikia suala la maji.

Sentensi ya (3) haichekeshi sana ikisomwa peke yake. Ikisomwa kwa sauti ya mtangazaji, bila kubadili kiimbo, hucheka yenyewe, kwa sababu sauti hiyo haijazoea kumtaja mtenda wa kosa.

Kipengele cha pili ni urefu wa kiima. Mpangilio wa kawaida wa sentensi ya Kiswahili huanza na kiima, kisha kitenzi, kisha yambwa. Lugha ya habari hujaza kiima kwa vyeo: mheshimiwa fulani, mwenye wadhifa fulani, kwa niaba ya mwenye wadhifa mkubwa zaidi, akifuatana na wenye nyadhifa nyingine. Kitenzi kinapofika, pumzi ya msikilizaji imekwisha. Na yambwa inapofika, kisima kilichofunguliwa hakikumbukwi tena. Mchekeshaji hurefusha kiima hicho kidogo tu kupita kawaida, kisha anamalizia kwa yambwa ndogo mno: kiti, ufagio, tundu la choo. Amefanya uchambuzi wa sarufi bila kuuita hivyo.

Kipengele cha tatu ni majina yanayotokana na vitenzi. Watu hawafi, bali *vifo vinatokea*. Nyumba hazibomolewi na mtu, bali *ubomoaji unafanyika*. Bei haipandishwi, bali *kuna ongezeko*. Tukio hupoteza mwili na kugeuka kuwa kitu kinachoweza kuhesabiwa. Hakuna ubaya wa asili katika muundo huu. Sayansi na sheria haziwezi kufanya kazi bila huo. Ubaya huanza pale muundo unapokuwa mahali pa kujificha.

6.0 Kutazama kutoka Jorodom

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa kasi hadi katika mji mdogo wa Katesh na makazi ya jirani yaliyo chini ya mlima, Jorodom likiwa mojawapo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na wengine zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Kwa siku kadhaa jina la Hanang lilikuwa katika vinywa vya watangazaji wa nchi nzima na wa mashirika ya kimataifa. Mahali ambapo kamera za televisheni hazikuwa na desturi ya kufika palijaa kamera.

Ni lazima isemwe wazi kwamba habari hizo zilikuwa na faida. Bila picha zile, misaada isingekusanywa kwa haraka ile, na ndugu walioishi mbali wasingejua la kufanya. Tashtiti isiyoweza kukiri hilo haistahili kusikilizwa. Hata hivyo, msiba huo unafundisha kwa nini kuijua sarufi ya habari si anasa ya wasomi. Katika lugha ya maafa, *vifo vilivyotokea* huwa tarakimu inayobadilika kila jioni, *wananchi waishio maeneo hatarishi* hutakiwa kuhama, na ziara ya kiongozi hutangulizwa mbele ya maneno ya mfiwa. Mtu wa Jorodom anayesikiliza taarifa ya namna hiyo yumo ndani yake mara mbili: kama mtazamaji, na kama nomino iliyotajwa katika kauli ya kutendwa.

Yapo na maneno yake mwenyewe. Mzee wa Kidatooga au wa Kiiraqw anapohojiwa, Kiswahili chake huja na kiimbo cha lugha yake ya kwanza, na pengine na upatanisho wa ngeli usio wa kitabuni. Katika uhariri, sentensi hizo ndizo rahisi kukatwa, na ripota hueleza kwa usanifu kile ambacho mzee alikisema kwa uchungu. Ujumbe unabaki, shahidi anaondoka. Ikumbukwe kwamba jamii hizo zina mapokeo imara ya usemi wa hadhara. Waiiraqw wana *slufay*, usemi wa baraka unaoongozwa na mzee huku kundi likiitikia. Katika usemi wa namna hiyo msemaji hawezi kwenda mbali bila wasikilizaji kumwitikia. Taarifa ya habari haina kiitikio. Tashtiti ndiyo inayokirudisha: kicheko sebuleni ni itikio la mtazamaji ambaye hakuulizwa.

7.0 Mipaka miwili

Tashtiti ina namna mbili za kupotoka ambazo mwanafunzi wa lugha anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni kicheko cha lafudhi. Vichekesho vya Kiswahili vimezoea kumwonyesha mtu wa bara, mfugaji au mhamiaji mjini, kwa kuigiza matamshi yake. Watu hucheka, na si kila kicheko cha aina hiyo kina chuki. Kingine ni utani halali baina ya watu wanaofahamiana. Lakini mchekeshaji anayemcheka mtangazaji katika kipande kimoja na kumcheka Mbarbaig katika kipande kinachofuata anabomoa kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine. Kicheko cha lafudhi humfundisha mtazamaji kwamba asemaye kwa ufasaha ndiye wa kuaminiwa, na hilo ndilo fundisho ambalo tashtiti ya habari ilikuja kulipinga.

Ya pili ni mpaka kati ya kuigiza na kughushi. Leo vipande vya taarifa ya habari vya kuchekesha husambaa kwa simu, vikiwa vimekatwa kutoka katika vipindi vyake, na akili mnemba inaweza kutengeneza sura na sauti ya mtangazaji aliye hai akisoma habari ambayo hakuisoma. Kwa umbo, tashtiti na ughushi vinafanana: vyote viwili vinaazima sauti sanifu. Tofauti iko katika kusudi kuhusu kutambuliwa. Tashtiti hutaka kutambuliwa, kwa hiyo huacha mlango wazi: kuku na mwewe, cheo kirefu kupita kiasi, kikaragosi cha mpira. Ughushi huziba kila mlango. Mtazamaji anayejua kwamba sauti ni vazi tu huwa amejikinga, japo kwa sehemu, dhidi ya ughushi. Anayeiamini sauti kwa sababu ni fasaha hana kinga yoyote.

8.0 Hitimisho

Taaluma za Kiswahili zimefanya kazi kubwa ya kusanifisha lugha tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na katika Tanzania huru kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Utangazaji ulikuwa mkono mkuu wa kazi hiyo, na ni halali kuushukuru. Lakini usanifishaji ulileta jambo ambalo halikupangwa na yeyote: usanifu ulianza kuonekana kuwa dhamana ya ukweli. Watunzi wa tashtiti, kuanzia Chayefsky na Rizvi hadi wachekeshaji wa Nairobi na Dar es Salaam, wameliona hilo mapema kuliko wanaisimu.

Kazi inayosubiri ni ya wanafunzi. Matini za taarifa za habari zikusanywe na kuchambuliwa kwa kipimo rahisi: katika kila sentensi ya kutendwa, mtenda yuko wapi, na ni matukio ya aina gani yanayomficha? Vipande vya kuigiza vikusanywe sambamba, ili ionekane ni sarufi ipi wachekeshaji wameigundua. Na watazamaji wa mahali kama Jorodom waulizwe wanacheka wapi na wananyamaza wapi, kwa sababu mtu aliyejifunza lugha kama mgeni mara nyingi husikia mishono ambayo mwenyeji amekwisha kuizoea. Utafiti huo hauhitaji mitambo. Unahitaji taarifa ya habari ya saa mbili usiku, daftari, na mtu mmoja sebuleni wa kuuliza kwa sauti, kila sentensi inapokwisha: nani amefanya?